Chumba cha Elfu Ishirini na Tano

Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Nimekulia Tabora, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, ambako mtoto hujua leo ni siku gani kwa kusikia treni ipi imeingia. Kwa hiyo nilipofika Mtwara kuanza chuo, Novemba 2016, na dereva wa bajaji akasema anakatiza Reli ili tuwahi, nilinyoosha shingo nitazame. Niliona barabara pana iliyonyooka, miembe, minazi, mbuzi wamelala kivulini, na anga kubwa kupita kiasi. Sikuona taruma wala kokoto.

"Kaka, kituo kiko upande gani?"

Akanijibu bila kugeuka: "Treni haipo, dada. Jina tu ndilo limebaki."

Mwanzoni sikulijali jibu lile. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimetoka Tabora kwa treni hadi Dar es Salaam, nikalala kwa shangazi, alfajiri nikapanda basi la kusini na kukaa kitini kilomita zaidi ya 550 nikitazama Rufiji, Somanga, Nangurukuru na Lindi zikipita. Mama mmoja niliyekaa naye alinisimulia jinsi walivyokuwa wakisafiri kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003: masika ikiwakuta njiani, mtu aliaga nyumbani bila kujua atafika wiki gani. Alisimulia bila kulalamika, kama mtu anayeeleza ukoo wake. Mimi nilisikia neno moja tu: mbali. Nyumbani walishaniambia hivyohivyo. Jirani yetu mmoja aliposikia nimepangiwa Mtwara alimshika mama bega akasema, "Pole, wamempeleka mwisho wa nchi."

Chumba nilikipata Majengo kwa 25,000 kwa mwezi, kodi ya miezi sita mkononi kabla ya kupewa ufunguo. Kilikuwa chumba cha nyuma, sakafu ya saruji, dirisha moja la nondo na wavu, choo cha uani tukichangia watu wanne, maji ya bomba siku yanapotoka na ya ndoo siku yasipotoka. Rafiki zangu waliobaki Dar es Salaam walikuwa wanalipa zaidi ya mara mbili ya hapo kwa chumba kidogo kuliko changu, na bado walipanda daladala mbili kwenda darasani. Mimi nilitembea dakika arobaini kwa mguu, asubuhi kwa ubaridi wa bahari, jioni nikirudi kupitia gengeni.

Mtwara haina mtaa wa wanachuo. Vyuo vipo: Stella Maris, chuo kikuu kishiriki kilichoanza mwaka 2009, vyuo vya ualimu, chuo cha utumishi wa umma, vya afya na vingine. Lakini wanafunzi tumetawanyika ndani ya watu. Ukuta wa upande mmoja ni wa fundi cherehani, wa upande wa pili ni wa mzee aliyestaafu bandarini. Huwezi kupiga muziki hadi saa nane usiku na huwezi kupita barazani bila kusalimia. Wapo wenzangu waliolichukia jambo hilo. Mimi naamini ndilo lililonisomesha, pengine kuliko darasa.

Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kimakonde wa miaka sabini na kitu. Nyumba ilikuwa yake, si ya marehemu mumewe. Kwa desturi ya Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama, na yeye aliisema nyumba ile kwa namna ambayo sikuwahi kumsikia bibi wa kwetu akisema nyumba: "yangu na binti zangu." Siku ya kwanza nilipomwamkia shikamoo aliniuliza kwetu wapi. Nilipomjibu, akaitikia "Marahaba, Mnyamwezi wangu," na jina hilo likanikaa mpaka nilipoondoka.

Sasa niseme la bumu, maana hapo ndipo nilipoanguka. Kipindi kile fedha ya chakula na malazi kwa mwanafunzi mwenye mkopo ilikuwa 8,500 kwa siku, nayo ilikuja kwa mafungu ya siku 60. Hesabu yake ni 510,000 zinazoingia kwa mkupuo kwenye akaunti ya binti wa miaka 20 ambaye hajawahi kushika hata laki moja yake mwenyewe. Fungu la kwanza nililipa kodi, nikanunua godoro, nikanunua simu nzuri, nikawatumia wadogo zangu, nikala chipsi na kuku wiki mbili mfululizo pamoja na wenzangu wa chumba cha pili. Wiki ya sita nilikuwa na 11,000. Fungu la pili likachelewa.

Nilijifungia. Mtu akiwa na njaa ugenini aibu humtangulia. Nilitoka bibi akiwa msikitini na kurudi akiwa amelala. Siku ya nne aligonga mlango mwenyewe. Alikuwa na sahani ya ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi myembamba ya porini ambayo wanawake wa Mtwara huiuza kwa mafungu barabarani, na chumvi pembeni. Aliketi kwenye ndoo yangu akaniangalia nikila. Kisha akaniuliza fedha yangu hulipwaje. Nikamweleza. Akacheka kidogo, si kwa kunikejeli.

"Kumbe wewe na mimi tunalipwa sawasawa. Mimi napata pesa mara moja kwa mwaka, korosho zikiuzwa. Miezi mingine yote naangalia tu mti."

Alikuwa na shamba la mikorosho Tandahimba, alilorithi kwa mama yake, na mtoto wa dada yake ndiye aliyelisimamia. Usiku ule alinifundisha jinsi mkulima wa korosho anavyoshika fedha. Korosho huvunwa kuanzia Oktoba. Zinapelekwa chama cha msingi cha ushirika, zinapimwa, zinaingia ghalani, zinapigwa mnada, ndipo fedha inakuja. Ikija, ananunua kwanza mahindi na mchele wa miezi mingi. Anatenga ya dawa ya salfa, kwa sababu Juni mikorosho ikianza kuchanua lazima ipuliziwe, la sivyo ugonjwa wa ubwiri unga unakausha maua na msimu ujao haupo. Analipa ada za wajukuu. Kama bati limeoza ananunua bati. Kinachobaki baada ya hapo ndicho anachokiita pesa.

"Pesa ya msimu usikae nayo ikiwa pesa. Igeuze kitu. Kitu hakiombwi na marafiki."

Fungu la pili lilipoingia sikupita popote. Nilikwenda soko kuu na mjukuu wake mwenye mkokoteni tukarudi na gunia la mkaa, debe mbili za mchele, maharage, dumu la mafuta, miche ya sabuni na chumvi. Ilibaki fedha ya mboga na samaki. Samaki Mtwara si kitu cha kuogopa: ukienda Feri asubuhi mashua zinaporudi, fungu la vibua au dagaa wabichi linamtosha mtu siku mbili. Hapo nilijifunza jambo jingine ambalo mtoto wa Tabora halijui, kwamba bei ya kitoweo inategemea upepo. Kusi ikivuma sana wavuvi wadogo hawatoki na samaki anapanda bei. Kaskazi ikitulia samaki anashuka. Nikajifunza na bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapokupwa mbali hata wanawake wanaingia kwa miguu kuchokoa pweza. Nilianza kuangalia mwezi kabla ya kupanga chakula cha wiki. Tangu mwaka ule hadi nahitimu sikulala njaa tena, na nilitumia karibu nusu ya posho yangu.

Watu husimulia hadithi nyingi juu ya wakulima wa korosho na fedha za msimu, kwamba wanawanywesha kuku soda na mengine ya namna hiyo. Huko bara nilizisikia hadithi hizo kabla sijawahi kumwona Mmakonde. Napenda niseme hapa kwamba mtu aliyenifundisha nidhamu ya fedha, kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kumlipia ada, ni mkulima wa korosho asiyejua kusoma, na alinifundisha akiwa amekalia ndoo.

Mwaka wa pili nilimwomba anifundishe kubangua. Msimu wa 2017 korosho zilikuwa na bei nzuri, minada ilifika hadi 4,000 na zaidi kwa kilo, na mji mzima ulisikika tofauti. Bibi alikuwa akibakiza korosho chache za nyumbani, na mimi nilitaka kuwauzia wenzangu chuoni kwenye vifuko vya 500. Kubangua si mchezo. Unazikaanga na maganda yake kwenye bati lililotobolewa, juu ya moto wa nje, mafuta ya ganda yanatoka na kuwaka moto mkubwa wenye moshi mweusi. Unazimwaga kwenye mchanga, unazisugua, kisha unagonga moja moja kwa kijiti bila kuivunja punje. Bibi alinipa majivu nipake mikononi. Nilipaka mara ya kwanza, baadaye nikaona yananichelewesha nikaacha. Yale mafuta yanaunguza kama tindikali. Asubuhi vidole vyangu vya mkono wa kulia vilikuwa na malengelenge, na siku ya pili nilikuwa na tesiti ya Historia ya saa mbili. Niliandika kwa kuibana kalamu kati ya kidole cha shahada na cha kati. Mpaka leo nikiona korosho nyeupe, nzima, isiyo na ufa, najua kuna mkono wa mwanamke nyuma yake.

Mpaka hapo nilikuwa nimekaa Mtwara zaidi ya mwaka mmoja. Nilikuwa nasoma ualimu wa Historia na Kiswahili. Nilikuwa nimeshaandika kazi ya kundi kuhusu biashara ya misafara katika karne ya 19, na ndani yake tulitaja Mikindani mara tatu. Mikindani iko kilomita kama 10 kutoka mjini. Nilikuwa nimepita hapo ndani ya basi, usingizini.

Sikuipata Mikindani kwa sababu ya kitabu. Nilitumwa. Bibi alikuwa na dada yake mkubwa kule, anaumwa miguu, akanipa kifurushi cha unga na bahasha nikampelekee. Nilipanda gari Jumamosi saa nne asubuhi. Barabara inateremka, ghuba inafunguka ghafla upande mmoja, maji yametulia kama ya ziwa, na upande wa pili zinaanza nyumba za mawe: kuta nene zilizobambuka chokaa, milango ya nakshi, roshani za mbao, na juu kilimani lile Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895, ambalo sasa limekarabatiwa na ni hoteli. Baadhi ya nyumba zimebaki kuta tu, mtini umeotea ndani na kushika mawe kwa mizizi kama mtu aliyekumbatia mtoto.

Bibi mkubwa aliishi katika mojawapo ya zilizobaki nzima. Nilimkuta kwenye baraza. Nilipoingia ndani niliona chumba kirefu na chembamba sana, nami kwa ushamba wangu nikauliza kwa nini walijenga vyumba vyembamba hivi ilhali walikuwa matajiri. Alinionyesha juu. Dari lilikuwa limepangwa boriti za mikoko, nyeusi kwa moshi, zimebeba mawe na chokaa.

"Boriti ndiyo inayoamua," alisema. "Mkoko haurefuki zaidi ya hapo. Tajiri na maskini chumba chao upana mmoja. Tajiri anaongeza urefu."

Nilipima kwa hatua. Zilikuwa nne. Nilikuwa nimesoma juu ya usanifu wa majumba ya Waswahili na nikapata alama B, lakini sikuwahi kuelewa kwamba upana wa chumba unaweza kuamuliwa na mti uliokatwa kwenye tope. Alinieleza pia kwamba watu walishakuja mara mbili kuubembeleza ule mlango wake wa nakshi, wanataka kuununua. Aliwakatalia. Paa lilikuwa linavuja pembe mbili. Fedha ya mlango ingetosha paa, lakini alisema nyumba isiyo na mlango wake ni kama mtu aliyeuza meno.

Nikirudi kituoni nilipita kwenye nyumba yenye kibao ukutani. Kinamtaja David Livingstone na mwaka 1866. Nilisimama pale mpaka gari likaniacha.

Nitaeleza kwa nini. Tabora, kilomita chache kutoka mjini, kuna mahali panaitwa Kwihara. Kuna tembe la udongo mwekundu, kuta nene, ambalo Livingstone alikaa mwaka 1872 baada ya Stanley kumkuta Ujiji. Sasa ni makumbusho. Kila mtoto wa shule Tabora amepelekwa. Mimi nilipelekwa darasa la tano, juu ya lori, na ninachokumbuka ni joto, maembe, na mwalimu akisema kwamba mtu huyu alitoka mbali sana. Hakusema alitoka wapi. Na sasa nilikuwa nimesimama alikotoka. Machi 1866 aliteremka kwenye ghuba hii na kuanza safari yake ya mwisho. Miongoni mwa watu aliokuwa nao ni Chuma, Myao aliyekombolewa utotoni mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa, na Susi. Miaka saba baadaye, Livingstone alipofia Chitambo, ambako leo ni Zambia, ni wao na wenzao waliomkausha na kumbeba, wakapita Kwihara, wakaendelea hadi Bagamoyo mwaka 1874.

Kwa hiyo kuna watu waliotoka mahali hapa wakafika kwetu kwa miguu yao, na walifika wakiwa wamebeba maiti. Mimi nilikuja kwa treni na basi siku tatu, nikajiona nimetupwa mwisho wa nchi. Nilikaa juu ya ukuta wa baharini pale Mikindani nikaona aibu ya namna fulani, nzuri, inayosukuma. Pembe na watumwa vilivyotajwa kwenye kazi yetu ya kundi vilikuwa vimepita hapa, kwenye ufukwe huu wenye watoto wanaocheza mpira. Darasani tulipewa alama za kuvitaja. Hakuna aliyetuuliza kama tumeshafika.

Baada ya hapo niliacha kukaa chumbani wikendi. Gharama ya kusoma mji wa namna hii ni nauli na maji ya kunywa. Nilivuka kwa kivuko kwenda Msangamkuu. Nilikwenda Lindi, kama kilomita 100 na kidogo, kwa sababu tu nilisoma kwamba kwenye vilima vya Tendaguru, ndani ya mkoa ule, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, na kwamba mjusi mkubwa aliyesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Tendaguru kwenyewe sikufika. Lakini pwani ya Lindi niliitazama nikiwawazia mamia ya wachukuzi waliobeba mifupa ile vichwani kwa siku nyingi kutoka porini hadi bandarini. Tena mizigo, tena vichwa vya watu.

Kilwa nilifika Oktoba 2018 nikirudi kutoka likizo. Nilikuwa nimepita Nangurukuru mara tano, nikanunua mayai ya kuchemsha dirishani, bila kushuka. Safari hii nilishuka, nikachukua gari hadi Kilwa Masoko, nikalala nyumba ya wageni ya bei ndogo, na asubuhi nikavuka kwa mashua kwenda Kisiwani. Ada kwa Mtanzania ni ndogo. Kosa lilikuwa langu kutokwenda mapema. Mji ule uliokuwa umeshika njia ya dhahabu ya Sofala, ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 na kuusifu miongoni mwa miji mizuri kuliko yote, ambao sarafu yake moja imepatikana hadi Zimbabwe Kuu, leo una kijiji cha wavuvi, mibuyu, na magofu. Niliingia Msikiti Mkuu nikiwa peke yangu. Nikatazama juu, kwa mazoea niliyopewa na bibi mkubwa, kutafuta boriti. Sehemu nyingine wajenzi walikuwa wamezishinda kwa kuba za mawe. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lina birika la pembe nane, na nilikaa ukingoni mwake nikila mkate na chupa ya maji. Sijui kueleza furaha ya kujua unachokitazama. Ilinigharimu usiku mmoja na nauli.

Nilirudi Majengo nikiwa sina fedha, na hapo nikafanya jambo ambalo bado linanichoma.

Nilimwomba bibi apunguze kodi. Nilikuwa mzoefu sasa, nilijua kuna vyumba vya 20,000 Magomeni ya hapahapa Mtwara, nikamwambia hivyo kwa sauti ya mtu anayejadiliana bei ya nyanya. Hakubisha. Alisema, "Basi lete ishirini, Mnyamwezi wangu." Nililipa miezi sita, 120,000, nikajiona mjanja.

Msimu ule wa 2018 wakulima walizikataa bei za minada ya mwanzo. Minada ikasimama. Novemba bei ikatangazwa 3,300 kwa kilo, watu wakashangilia, lakini kwa wengi malipo yalichelewa, wengine hadi mwaka uliofuata ukaingia. Aliyekuwa Mtwara miezi ile anakumbuka ukimya wake. Mafundi hawana kazi, bajaji zimepanga mstari stendi, wenye maduka wanafunga mapema. Kwa bibi korosho zilikuwa zimeondoka shambani tangu Oktoba. Januari mjukuu wake wa kidato cha tatu alirudishwa kwa ajili ya michango. Februari niliona mahindi yamekwisha pipani. Na hapo ndipo nilipoelewa kwamba ile 25,000 yangu na za wapangaji wenzangu ndiyo iliyokuwa fedha yake pekee isiyongoja msimu, nami nilikuwa nimekwenda kuikata kwa sababu nilitaka kuona Kilwa.

Nilimfuata na ile 30,000 niliyokuwa nimepunguza, nimeikunja ndani ya daftari. Aliikataa mara mbili. Nikamwambia ni ya salfa. Akainyamazia kidogo, kisha akaifunga kwenye pindo la khanga. Hatukulizungumza tena, lakini tangu siku ile nikisikia mtu anausifu mji kwa urahisi wa maisha, huwa nataka kujua ni nani anayeubeba urahisi huo.

Utafiti wangu wa mwaka wa mwisho niliuandika juu ya reli. Jibu la yule dereva wa bajaji lilikuwa halijaniacha. Kwenye maktaba tulikuwa na vitabu vichache vya kugombania, lakini vilitosha kunipa mifupa ya habari: baada ya Vita ya Pili ya Dunia Waingereza walikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, wakaamua kulima karanga Tanganyika kwenye ekari zaidi ya milioni 3. Kazi ikaanza mwaka 1947. Kwa ajili ya mashamba ya Nachingwea wakajenga reli, wakachimba bandari ya kina kirefu Mtwara, na wakaupima mji mpya wenye barabara pana kwa ajili ya watu ambao hawakuja. Karanga zilikataa. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, zaidi ya pauni milioni 30 zikiwa zimeteketea, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na vyuma vyake kung'olewa. Ndiyo sababu ya anga lile kubwa lililonishangaza siku ya kwanza, na ya umbali ule kati ya nyumba na nyumba. Nilikuwa naishi kwa bei ndogo ndani ya ndoto ya watu wengine iliyovunjika.

Kilichonisimamisha kilikuwa jina lililotajwa pamoja na Nachingwea. Mashamba yalikuwa matatu: Kongwa, Nachingwea, na Urambo. Urambo ni kwetu. Babu yangu mzaa baba yuko Urambo.

Nilimpigia jioni, Mei 2019, nikiwa barazani na bibi anachambua mchele. Nikamuuliza babu kama anakumbuka karanga. Akapaza sauti hadi nikaisogeza simu mbali na sikio. Alikuwa kijana wa kung'oa visiki, alisema. Walileta matrekta mengine yaliyotengenezwa kwa vifaru vya vita. Mti unaangushwa asubuhi, mizizi inabaki inawashinda. "Sisi walituachia mashamba tukalima tumbaku," akasema. "Hao wa huko waliachiwa nini?"

Nilianza kumtajia bandari na barabara, lakini bibi alikuwa ameacha mchele. Alikuwa amelisikia neno karanga. Akanyoosha mkono akataka simu, akaishika kwa mikono miwili mbele ya mdomo kama kikombe.

"Shikamoo kaka. Mimi niliipanda ile treni. Nilikuwa mtoto. Baba yangu alikuwa kuli bandarini."

Babu akataka kujua ilikuwa na mabehewa mangapi. Bibi akamweleza, akamtajia na siku baba yake alipokuja kusema kwamba vyuma vinang'olewa. Babu akauliza habari za visiki, kama na kule viliwashinda. Wakaenda hivyo, mmoja hajawahi kuiona bahari, mwingine hajawahi kuvuka Rufiji, wanahojiana juu ya udongo, juu ya mzungu fulani mwenye kofia, juu ya ujira uliolipwa kwa wiki. Mimi nilikuwa nimechukua daftari naandika harakaharaka, nimejaza kurasa tatu, simu ilipokata. Dakika zangu zilikuwa zimekwisha.

Bibi alikitazama kioo kikizima. Akanirudishia, akavuta sinia lake la mchele, akasema, "Kaongeze vocha, Mnyamwezi wangu. Sijamjibu la visiki."